Kidole Gumba na Kidole Kidogo

Ukihama kutoka Windows kwenda Mac, au kutoka Windows kwenda Linux, macho yatazoea kwa siku mbili tatu. Menyu ni menyu. Kitakachokusumbua wiki nzima, pengine mwezi, ni mkono wa kushoto. Mkono huo umekuwa ukifanya kazi bila kukuuliza tangu siku zile za saiba: unanakili, unabandika, unatendua, wewe ukiwaza mambo yako. Sasa kwenye mashine mpya unabonyeza Ctrl na C na hakuna kinachotokea. Ama, kama uko ndani ya terminali ya Linux, kinatokea kitu kibaya zaidi: programu iliyokuwa inaendelea inakufa hapo hapo, bila hata kwaheri.

Siku hizi wengi wanahama, na si kwa kupenda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inakataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Pita Luthuli Avenue uangalie zile laptopu za ex-UK zilizopangwa kwenye vioo. Nyingi ni za umri huo. Kwa hivyo kijana anayeishi kwa kuandika makala za watu wa ng'ambo, au kwa kunukuu sauti akilipwa kwa dakika, anaambiwa na fundi: weka Ubuntu tu, ni ya bure na haisumbui. Anaweka. Ni kweli haisumbui, ila vidole vinakwama, na kwa mtu anayelipwa kwa kipande cha kazi, vidole vikikwama hela nayo inakwama. Ni haki yake kuuliza ni nani aliamua kwamba kunakili kuwe Ctrl na C huku, Command na C kule, na Ctrl na Shift na C pale kwenye terminali.

Jibu lipo, na lina miaka zaidi ya 60.

Tuanze na Ctrl yenyewe, maana ndiyo mzee wa kijiji. Mwaka 1963 Wamarekani walikubaliana juu ya orodha ya namba za kuwakilisha herufi, ikaitwa ASCII. Ilikuwa ya mashine kama teletaipu, yaani taipureta zilizounganishwa kwa waya: unaandika Chicago, inachapika New York. Kwenye orodha hiyo A kubwa ni 65, B ni 66, C ni 67, na kuendelea. Lakini namba 0 hadi 31 hazikupewa herufi. Zilipewa amri za mashine: rudi mwanzo wa mstari, sogeza karatasi, piga kengele.

Sasa utaandikaje amri isiyo na herufi? Ndiyo kazi ya Ctrl. Ukiishikilia halafu ubonyeze herufi, inatoa 64 kwenye namba ya herufi hiyo. G ni 71, toa 64 inabaki 7, na 7 ni kengele. Kengele ya kweli, ya chuma, ndani ya mashine. Mtu aliyekaa New York akibonyeza Ctrl na G, kengele ililia Chicago. M ni 77, toa 64 ni 13, na 13 ni kurudi mwanzo wa mstari. Ukitaka kuamini kwamba historia haifi, fungua terminali yoyote ya Linux leo, andika amri, halafu badala ya Enter bonyeza Ctrl na M. Itafanya kazi.

C ni 67. Toa 64 inabaki 3, ambayo kwenye orodha ilikuwa alama ya mwisho wa ujumbe. Kompyuta za kampuni ya DEC ziliichukua alama hiyo kuwa amri ya kusimamisha programu, na Unix nazo zikaja kuifuata. Kwa hivyo Ctrl na C ilikuwa inaua programu kabla mtu yeyote hajawaza kuitumia kunakili. Linux, ambayo ni mtoto wa ukoo wa Unix, haikuja kukuharibia kazi. Wewe ndiye uliyeingia nyumba ambamo neno hilo lina maana nyingine, kama Mkenya anayefika Dar na kuagiza vitu kwa mtindo wa Nairobi.

Kunakili na kubandika kulitoka kwingine kabisa. Katikati ya miaka ya 1970, kwenye maabara ya Xerox PARC kule Palo Alto, California, kulikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Ilikuwa ya ajabu kwa wakati wake, lakini ilikuwa na tabia moja ya kuudhi. Ilikuwa na hali mbili: kuna wakati herufi unazobonyeza ni maandishi, na kuna wakati herufi hizo hizo ni amri. Kisa kilichosimuliwa sana ni cha neno «edit». Mtu akiliandika akidhani yuko kwenye hali ya maandishi, kumbe yuko kwenye hali ya amri, basi E ilichagua kila kitu kwenye waraka, D ikafuta, I ikasema ingiza, na T ikaingizwa. Waraka mzima umegeuka herufi moja: t.

Larry Tesler, mtaalamu wa pale PARC, aliichukia tabia hii kwa moyo wake wote. Simaanishi kuichukia kikazi tu. Gari lake lilikuwa na namba ya usajili iliyoandikwa NO MODES. Yeye na Tim Mott, aliyetoka kampuni ya vitabu vya shule ya Ginn iliyokuwa mali ya Xerox, walitengeneza programu nyingine iliyoitwa Gypsy, na humo ndimo kata, nakili na bandika zilipopata umbo tunalolijua: chagua kwanza, halafu amuru. Wahariri wa Ginn walikuwa wakikata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Neno la mezani likaingia kwenye mashine.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo mimi naipenda kuliko zingine, na nashangaa haisimuliwi zaidi. Kabla ya kuandika kodi, Tesler alimkalisha sekretari aliyekuwa ameajiriwa karibuni mbele ya skrini tupu. Hakukuwa na kitu pale. Akampa ukurasa wenye masahihisho, akamwambia afikirie kwamba maandishi yako kwenye skrini, halafu aseme angeyarekebisha vipi. Mama yule akaeleza: ningeonyesha hapa, ningeandika hivi, hapa ningekata. Hakuwa amefundishwa lolote la kompyuta, na alichosema kinakaribia kabisa kile unachofanya leo. Ukisikia watu wakisema kompyuta ilibuniwa na vijana wa gereji, kumbuka kwamba sehemu ya namna unavyoitumia ilitoka kwa mtu aliyekuwa ameajiriwa kupiga chapa.

Tesler alihamia Apple mwaka 1980. Kompyuta ya Lisa ilipotoka Januari 1983, ikiuzwa dola 9,995, amri hizi zilikuwa zimepewa vitufe vyake: Z, X, C na V, vikibonyezwa pamoja na kitufe chenye picha ya tufaha. Hapa Mswahili asione wivu kwamba herufi ziligawanywa kwa Kiingereza. C ndiyo ya neno lao, sawa. Lakini X ni alama ya kufuta kwa kukata msalaba, na ukiitazama inafanana na mkasi. V inafanana na ile alama ya mhariri ya kuingiza neno, ikiwa imepinduliwa. Z iko jirani tu. Zote nne zimekaa mstari mmoja chini kushoto, ili mkono wa kulia ubaki kwenye kipanya. Ni jiografia ya vidole zaidi ya lugha. Kwa hivyo kata, nakili, bandika na tendua zinaingia humo bila shida yoyote. Wenye shida ni wenye kibodi za Kifaransa, zile za AZERTY ambazo utazikuta Bujumbura au Lubumbashi: kwao Z iko juu na mahali pake pamekaliwa na W. Jiografia yote imevunjika.

Mwaka uliofuata ikaja Macintosh. Steve Jobs aliona tufaha limejaa kwenye menyu, kando ya kila amri, akakasirika kwamba nembo ya kampuni inatumiwa ovyo. Msanii Susan Kare akaambiwa atafute alama nyingine. Akapekua kitabu cha alama za kimataifa, akakuta ile ⌘ yenye masikio manne, ambayo Sweden huiweka barabarani kuonyesha mahali panapofaa kutembelewa. Ndiyo hiyo iliyo kwenye kitufe cha Command mpaka leo. Ukibonyeza Command na C huko Westlands, unabonyeza kibao cha watalii cha Sweden.

Ila cha maana zaidi kuliko picha ni mahali kitufe kilipowekwa: kando ya nafasi, chini ya kidole gumba. Na Macintosh ile ya kwanza haikuwa na kitufe cha Control kabisa. Haikuwa hata na vishale, kwa sababu Jobs alitaka kulazimisha watu, na hasa watengenezaji wa programu, watumie kipanya. Ulikuwa udikteta wa wazi. Lakini uliacha faida moja ambayo pengine hakuikusudia: Control ilipokuja kuongezwa miaka michache baadaye, haikuwa na kazi ya kunakili. Ilibaki huru. Ndiyo maana leo kwenye Mac unaweza kukaa ndani ya terminali, Command na C ikanakili, Control na C ikaua programu, na hizo mbili zisigombane hata siku moja.

Windows haikuwa na bahati hiyo. Kibodi ya IBM PC ya 1981 haikuwa na Command. Ilikuwa na Ctrl, Alt na Shift, basi. IBM walipotoa kanuni zao za mwaka 1987 za jinsi programu zinavyopaswa kufanana, walisema kukata ni Shift na Delete, kunakili ni Ctrl na Insert, kubandika ni Shift na Insert, kutendua ni Alt na Backspace. Microsoft waliokuwa washirika wao wakafuata. Jaribu kwenye Windows yoyote leo: Ctrl na Insert bado inanakili, Shift na Insert bado inabandika. Hakuna anayekufundisha, lakini zipo, kama shimo la posta kwenye mlango ambao hauletewi barua tena.

Watu hawakuzipenda, na huwezi kuwalaumu, maana vitufe hivyo vimetawanyika kibodi nzima. Kufikia Windows 3.1 ya mwaka 1992 Microsoft walikuwa wameichukua Z X C V ya Apple na kuiweka juu ya Ctrl, kitufe pekee kilichobaki cha maana. Hapo ndipo Ctrl na C ikawa na baba wawili: yule wa teletaipu anayesema maliza, na yule wa PARC anayesema nakili. Hata ndani ya Windows wenyewe waligombana. Dirisha jeusi la amri liliendelea kutumia Ctrl na C kusimamisha programu, na ni mpaka Windows 10 ndipo lilipojifunza kwamba ukiwa umechagua maandishi, pengine unataka kuyanakili.

Na kidole? Kwenye kibodi ya IBM ya mwanzo, Ctrl ilikaa kushoto kwa A, pale ilipo Caps Lock sasa. Mahali pazuri, kidole kidogo hakihami. Katikati ya miaka ya 1980 IBM wakaleta kibodi yao kubwa ya vitufe 101, Ctrl ikatupwa kona ya chini, na Caps Lock, kitufe cha watu wanaopenda kugombana mtandaoni, ikapewa kiti cha heshima. Kibodi hiyo ikawa kielelezo cha dunia. Tangu hapo mtu wa Windows anajikunja kwa kidole kidogo na mtu wa Mac anabonyeza kwa kidole gumba. Ukihama kutoka huku kwenda kule unasomesha kidole kingine kazi ya mwenzake, na kidole kidogo hakikubali kustaafu.

Hapa kwetu kuhama kwa namna hii si jambo geni, ila tulilisahau. Shangazi yangu alisoma ukarani miaka ya mwanzo ya 1990, enzi ambapo vyuo vya mjini viliandika ukutani kwa rangi ya mafuta: WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBase. WordPerfect haikuwa na menyu za kuonekana. Skrini ilikuwa tupu, buluu, na ujuzi wote ulikuwa kwenye vitufe vya F juu ya kibodi. F7 kutoka, Shift na F7 kuchapisha, F6 kukoleza, F3 kuomba msaada. Kulikuwa na kipande cha plastiki cha kuweka juu ya vitufe, kimeandikwa kwa rangi: nyekundu ni Ctrl, kijani ni Shift, buluu ni Alt. Shangazi anasema aliyehitaji kukitazama kile kipande hakuwa amehitimu. Yeye hakukihitaji. Alipiga barua ya bosi akiwa anaongea na mgeni.

Halafu Windows ikaingia ofisini, na Word pamoja nayo. Ndani ya miaka michache vidole vyake vilikuwa vinajua lugha iliyokufa. Aliitwa kwenye mafunzo ya siku tatu pamoja na wasichana waliotoka shule juzi, na kwa siku tatu hizo yeye, aliyekuwa wa haraka kuliko wote, alikuwa wa mwisho. Hakuna aliyemwambia pole. Cheti chake hakikufutwa, kilikosa tu kitu cha kuthibitisha. Nilimuuliza kama alikasirika, akacheka, akasema, «Mwanangu, ukikasirikia mashine utakula nini?» Lakini baadaye akaongeza kwamba mpaka leo akitaka kutoka kwenye kitu chochote, hata kwenye simu, kidole kinatafuta F7.

Mimi sicheki. Naona watu wanavyosema vijana wa siku hizi wanazoea haraka, kama kwamba kuzoea ni bure. Ujuzi wa vidole ni mtaji. Unawekezwa kwa miaka, na mwenye uamuzi wa kuufuta anakaa Redmond au Cupertino. Anayelipa gharama ya kubadilika ni karani, mwandishi, mtu wa saiba anayejazia watu fomu za KRA.

Linux inaingia hapa kwa mlango wa pembeni. Ubuntu ilianza 2004, kwa pesa za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikapewa neno la Kinguni ambalo sisi tunalo kama utu. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, ungeweza kuomba CD zake zikatumwa kwa posta bila malipo. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Utu ulikuwepo. Lakini hata utu ulilazimika kukaa na watu wa pande mbili. Waliotoka Windows walitaka Ctrl na C inakili. Wazee wa Unix walitaka iue. Suluhu ikawa suluhu ya baraza la wazee: kwenye madirisha ya kawaida itanakili, kwenye terminali itaua, na anayetaka kunakili ndani ya terminali aongeze Shift.

Suluhu nzuri, mpaka mkono ukishaizoea. Utakuwa umefanya kazi kwenye terminali asubuhi yote, unarudi kwenye kivinjari kunakili aya, mkono unabonyeza Ctrl na Shift na C kwa mazoea, na Chrome inakufungulia ukurasa wa ndani wa watengenezaji tovuti, kodi zimejaa nusu ya skrini. Firefox nayo hivyo hivyo. Wakati huo wazee wa Unix wanakuambia kwamba hukuhitaji kitufe chochote: chagua maandishi, halafu bonyeza gurudumu la kipanya, yanabandikwa. Ni kweli, mfumo wa zamani wa picha wa Unix una ubao wa pili wa kunakilia usiohitaji amri, na ukishauzoea hutaki kingine. Laptopu za ex-UK hazina gurudumu, lakini hilo ni jambo jingine. Kama lilivyo jambo jingine kwamba zina kibodi ya Kiingereza cha Uingereza, na fundi akiisakinisha kwa mpangilio wa Marekani, @ na alama za kunukuu zinabadilishana viti na unashindwa kuandika hata barua pepe yako.

Dawa zipo. Mac inakuruhusu ubadilishane Control na Command kwenye mipangilio yake yenyewe. Windows ina PowerToys. Linux ina programu kama keyd, ambazo zinaweza kuifanya Alt, iliyo chini ya kidole gumba, itende kama Command. Wako wanaoapa kwamba ndiyo njia pekee ya heshima: mashine ifuate mwili. Mimi nakubaliana nao nikiwa nyumbani. Lakini mtu anayefanya kazi leo kwenye laptopu yake, kesho kwenye ya mteja, keshokutwa saiba kwa sababu stima zimepotea, atakuwa mgeni kila mahali isipokuwa kwake. Kwake yeye afadhali kuwa na vidole vya lugha tatu, kama sisi sote tulivyo midomoni: ya nyumbani, ya shule, ya mtaani. Inachukua kama wiki tatu. Wiki ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana unaanza kukosea kote kote.

Na kibodi bado haijatulia. Januari 2024 Microsoft walitangaza kitufe kipya kwenye laptopu za Windows, cha kwanza tangu kile chenye nembo yao kilichokuja miaka ya 1990. Kinaitwa Copilot, cha kuita akili bandia yao, na kwenye mashine nyingi kimewekwa pale ilipokuwa Ctrl ya kulia. Wadadisi walipochunguza kitufe hicho kinatuma nini ndani ya mashine, walikuta kinajifanya mtu amebonyeza Shift, Windows na F23 kwa pamoja. Kibodi yako inaishia F12. F23 ilikuwa kwenye kibodi kubwa za terminali za IBM, zile za vitufe 122, na namba yake haikuwahi kufutwa. Laptopu hizo zitafika Luthuli baada ya miaka minne au mitano, zikiwa ex-UK, na fundi atakuambia uweke Ubuntu.